SOMO LA NYUMBANI: KUTUMA VILEJA NG'AMBO



Aghalabu ukurasa huu husema habari za majamvi, ngazi za kuchumia na palizi. Leo twaingia jikoni. Lakini mtu asidhani kwamba tumeiacha karafuu, kwa maana aliyejua kuanika karafuu yake ameshajua nusu ya somo hili. Nusu ya pili tulifundishwa Shinyanga, kwa watu ambao karafuu huiona katika sufuria ya pilau tu.

Wengi wetu tuna watu wetu ng'ambo, Maskati na Dubai, London na Toronto. Kila mwaka twawapelekea vileja, visheti na kashata, na kila mwaka wao hutujibu, "Vimefika, ahsanteni sana." Somo letu ni juu ya jibu hilo. Je, ni kweli vimefika? Na kama havikufika vizuri, tufanye nini ili vifike?

1. MASANDUKU MATATU

Dada yetu mkubwa aliolewa bara zamani, na mumewe akafungua duka Shinyanga mjini. Nchi ile imevuta wafanya biashara wa kila namna. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita Shinyanga. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa mwaka 1940. Na Geita, ambako mgodi wa kale wa dhahabu ulifungwa mwaka 1966, mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000. Mpwa wetu, mtoto wa dada huyo, ana duka Geita mpaka leo.

Nyumba ya pili kutoka duka la Shinyanga walikaa Waarabu wa Omani, na binti yao alikuwa rika moja na dada yetu. Binti huyo alizaliwa pale pale, na Kisukuma alikijua kabla ya Kiarabu. Wakawa mashoga. Mwaka 1970 Sultani Qaboos alishika ufalme wa Omani akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kwao, na katika miaka iliyofuata jamaa ile nayo ikafunga mizigo ikaenda. Tangu siku hiyo mashoga wale hawakuonana kwa macho. Walibaki na barua, kisha simu.

Shoga yule alipokuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, aliomba kitu kimoja tu: vileja vya unga wa mchele kama walivyokula wakiwa wasichana, vya mkono wa dada yetu. Dada akavioka, akavifunga, akavipeleka posta. Baada ya wiki kadhaa simu ikalia: "Vimefika, shoga yangu. Mungu akuweke." Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu hivyo hivyo.

Kisha mpwa wetu akasafiri kwenda Maskati kwa mambo ya biashara, akaenda kumwamkia mama yule. Alipokewa kama mtoto wa nyumba. Alipoingia jikoni kutaka maji aliona juu ya rafu mkebe alioutambua, akaufungua. Ndani palikuwa na unga uliogandamana, na juu yake ukungu wa kijani. Yule mama alikuja nyuma yake akasema, "Mwanangu, mikebe yote mitatu ilifika hivyo. Miwili niliimwaga. Huu sikuweza, ni mkono wa shoga yangu. Nakuomba usimwambie mama yako."

Kijana alijaribu kuinyamazia habari hiyo akashindwa. Dada yetu alipoisikia hakusema neno siku 2. Siku ya tatu alisema, "Miaka mitatu nimemtumia shoga yangu ukungu, naye ananishukuru. Basi situmi tena kitu."

2. MPIMAJI NA RAFIKI

Hapa, wanachama wenzetu, tutue kidogo.

Mkulima anapopeleka karafuu kituoni, mpimaji hutia mkono katika gunia, akavunja chache, akazinusa, akaangalia makonyo na mpeta, kisha akamwambia daraja lake. Mara nyingi tunanung'unika. Lakini tukirudi nyumbani tunajua kosa letu, na msimu wa pili tunaanika vizuri zaidi. Ukali wa mpimaji ndio uliotufundisha.

Rafiki hafanyi hivyo. Rafiki hana madaraja. Ana neno moja tu, ahsante. Adabu yake njema huficha kosa, na kosa lililofichwa hurudiwa mwaka hata mwaka. Kwa hiyo anayetuma chakula mbali hapana budi awe mpimaji wa mzigo wake mwenyewe kabla haujatoka mlangoni. Hilo ndilo jambo kubwa la somo hili, na yote yanayofuata ni njia ya kulitimiza.

3. KOSA LILIKUWA WAPI?

Tulikaa na dada yetu tukamwomba atueleze alivyofanya, hatua kwa hatua, tusitafute wa kulaumu posta wala bandarini. Yakaonekana makosa manne.

Kwanza, unga. Alirowesha mchele usiku, akautwanga asubuhi, akauchekecha, na jioni ile ile akaoka. Unga wa mchele uliorowekwa huonekana mkavu kwa macho, lakini ndani una maji.

Pili, mafuta. Mwaka mmoja samli ilipungua akajazia siagi. Siagi ina maji, karibu sehemu 16 katika 100. Samli iliyochemshwa vizuri haina maji ya kuhesabika.

Tatu, haraka. Alivifunga vikiwa na uvuguvugu ili viwahi posta. Kileja chenye joto hutoa mvuke, na mvuke ukifungiwa katika mkebe hugeuka maji chini ya kifuniko. Maji hayo hudondoka tena juu ya vileja, na ukungu huanza hapo.

Nne, nafasi. Mkebe haukujaa. Vileja viligongana safari nzima, na kileja chenyewe ni kitu cha kumeng'enyuka. Vilivyovunjika vikawa unga, unga ukanywa unyevu.

Mkulima wa karafuu atacheka, maana makosa haya ayajua. Karafuu ikitiwa guniani haijakauka, huvunda ikawa mpeta. Lakini jambo tunalolijua shambani mara nyingi hatulibebi mpaka jikoni.

4. ALILOSEMA JIRANI

Aliyelileta jikoni ni jirani wa dada yetu, mama wa Kisukuma aliyezaliwa upande wa Geita. Alikuja asubuhi moja, "Mwangaluka, mayu," akamkuta dada amekaa kimya. Alipoelezwa alikwenda kwake akarudi na ungo wa matobolwa.

Kwa wasiojua, Wasukuma wana namna mbili za kuweka viazi vitamu. Michembe ni viazi vibichi vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba vikaanikwa. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa. Huanikwa wakati wa kiangazi, tangu Juni, juu ya mawe au chanja, mpaka viwe vigumu. Ndicho chakula cha kuvusha miezi ya njaa, na matobolwa huliwa pia na chai, makavu hivyo hivyo au yakiwa na karanga. Ukitazama vizuri, hizo ndizo biskuti za nchi ile, ila tanuri lake ni jua.

Yule mama alichukua vipande viwili vya matobolwa akavigonga kimoja kwa kingine, vikalia kama vijiti. Akasema, "Mayu, hiki kimepikwa mara moja kwa moto, na mara ya pili kwa jua. Moto wa kwanza ni wa kula. Wa pili ni wa kuweka. Chako umekipika mara moja tu, kisha ukakipa safari ya mbali."

Neno lake ni kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Hata jina biskuti latoka katika Kilatini, na maana yake ni "iliyopikwa mara mbili". Mabaharia wa zamani walibeba biskuti ngumu, kavu kabisa, kwa sababu mkate wa kawaida ungeoza kabla ya kuvuka bahari.

5. NAMNA YA KUOKA KWA SAFARI

Vileja vya kuliwa leo na vileja vya safari si kitu kimoja. Kwa safari fanya hivi:

Vitu: unga wa mchele nusu kilo, samli safi robo kilo, sukari robo kilo, mayai 2, hiliki iliyotwangwa kijiko 1 cha chai. Nazi usitie, huchacha. Siagi usitie.

(a) Ukirowesha mchele, uanike unga uliochekechwa juani siku nzima, juu ya kitambaa safi, ukiugeuza. Siku ya pili uanike tena. Unga uliokauka hautashikamana ukiufumbata mkononi. Visiwani kwetu wakati wa masika jua halitoshi. Afadhali uukaushe katika sufuria pana juu ya moto mdogo sana, ukikoroga bila kuacha, wala usibadilike rangi. Uache upoe kabla ya kuuchanganya.

(b) Piga samli na sukari mpaka zilainike, tia mayai, hiliki, kisha unga. Kanda. Tengeneza vidonge vidogo, vinene kuliko desturi, vya ukubwa mmoja. Kileja kipana na chembamba huvunjika. Kidogo na kinene husafiri.

(c) Oka kwa moto wa juu na chini, moto wa kiasi, mpaka chini viwe na rangi ya manjano. Vitoe, uviache vipoe kabisa.

(d) Sasa moto wa pili. Virudishe katika tanuri au sufuria juu ya makaa yaliyofifia, kwa nusu saa, na kifuniko ukiache wazi kidogo ili mvuke utoke. Si kuviunguza, ni kuvikausha.

(e) Vikipoa, vunja kimoja. Kama karafuu kavu, chapasa kivunjike kwa sauti. Tazama katikati: kukiwa na mstari wa rangi nzito, bado kuna maji. Rudia (d).

6. NAMNA YA KUFUNGA

Shinyanga wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na vileja vyaweza kukaa nje saa kadhaa bila kulainika. Kwetu Pemba haiwezekani. Saa 2 au 3 za kupoa zatosha, kisha mkebeni.

Chukua mkebe wa bati wenye kifuniko cha kubana, uoshe, uukaushe juani. Tandika karatasi ya mafuta. Panga vileja vikisimama kwa ubavu, kama sarafu zilizopangwa, na kati ya safu na safu weka karatasi. Usitumie gazeti, lina unyevu, na wino wake hutoka. Nafasi iliyobaki ijaze karatasi safi iliyofinyangwa. Kisha tikisa mkebe karibu na sikio. Ukisikia kitu, haujajaa. Ukimya ukiwa kamili, zungushia kifuniko utepe wa gundi.

Mkebe uingie katika sanduku la karatasi ngumu, na pande zote sita pawe na karatasi iliyofinyangwa, unene wa vidole vinne. Anwani iandikwe nje, na ndani pia, kwa maana ya nje yaweza kubanduka.

Na neno moja kwa wakulima wenzetu: usitie karafuu katika sanduku moja na vileja. Twajua upendo wa kutaka kupeleka vyote viwili. Lakini harufu ya karafuu hupenya karatasi, na rafiki yako atakula kileja chenye ladha ya dawa ya jino. Karafuu iende peke yake.

7. MKEBE WA SHAHIDI

Sasa twafika kwenye upimaji wenyewe. Ukioka, usifunge mkebe mmoja. Funga mitatu kutoka mkono mmoja wa unga, kwa namna ile ile.

Mkebe wa kwanza ni wa njia. Mpelekee mtu wako wa karibu, mwenye ulimi wa kweli, aliye mwendo wa basi. Dada yetu aliupeleka Geita kwa mwanawe kwa njia ya Mwanza, ukapita daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ambapo zamani magari yalisubiri kivuko. Kijana aliufungua, akahesabu, akapiga simu: vileja 60, vilivyovunjika 11, na vyote 11 vilikuwa safu ya juu. Basi dada akajua kwamba karatasi ya juu ilikuwa pungufu. Kosa hilo liligunduliwa Geita, wala halikungoja kwenda kugunduliwa Maskati.

Mkebe wa pili ni wa shahidi. Unabaki nyumbani, umefungwa, katika chumba chenye joto. Andika juu yake siku uliyoufunga. Usiufungue mpaka zipite siku nyingi kama zile za safari, na 10 juu yake. Siku hiyo ufungue, unuse, uvunje, uonje. Utakayoyaona ndiyo atakayoyaona rafiki yako, hata kama hatakuambia. Ukiwa na wakati, mngoje shahidi kabla ya kutuma. Ukilazimika kutuma kwanza, shahidi atakufunza kwa mwaka ujao.

Mkebe wa tatu ndio wa kwenda. Ufunge baada ya kusikia habari za mkebe wa njia.

8. MAJIRA

Maskati wakati wa kiangazi joto hupita digrii 40, na samli huyeyuka katika joto la karibu na la mwili wa mtu. Mzigo ukilala ghalani mwezi wa Julai, samli itatoka katika vileja, itaingia katika karatasi, na vileja vitabaki vikavu kama mchanga. Miezi mizuri ya kupokea huko ni tangu Novemba mpaka Februari.

Lakini Shinyanga mvua nazo huanza kama Novemba. Kwa hiyo dada yetu alipanga hivi: unga aliukausha Agosti, jua likiwa kali na hewa kavu, akauweka katika chombo cha kubana, akaoka Oktoba, kabla ya mvua.

Mtasema, je, Iddi? Iddi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu, haifuati joto wala baridi. Usiufungamanishe mzigo na Iddi. Utume wakati wa hewa njema, na umwambie rafiki auweke umefungwa hata siku yenyewe.

9. POSTA NA FORODHA

Kwa hili twasema machache. Posta utajaza karatasi ya forodha. Andika kitu kilivyo: "biskuti za unga wa mchele zilizookwa nyumbani, zawadi," uzito wake na thamani yake. Usiandike "vyakula" tu, kwa maana neno hilo humfanya ofisa afungue. Kila nchi ina sheria zake. Nyingi hukataza nyama na maziwa. Biskuti kavu hupita kwa wepesi zaidi. Viazi vikavu, kama michembe, vyaweza kuulizwa maswali. Uliza posta kwanza, na mwombe rafiki aulize kwao, kabla hujawasha moto.

10. MWISHO WA HABARI

Dada yetu aliposhawishika kutuma tena, alifanya jambo ambalo twaliona gumu kuliko kuoka. Alimpigia shoga yake simu akamwambia, "Najua habari ya mikebe mitatu." Kule upande wa pili kukawa kimya. Akaendelea, "Natuma wa nne. Nakuomba kitu kimoja. Usiniambie ahsante. Niambie kama mpimaji anavyomwambia mkulima."

Mkebe ulifika baada ya siku 33. Yule mama aliufungua huku simu iko sikioni, na dada yetu huku Shinyanga akasikia kileja kikivunjika. Akangoja. Ikapita kama dakika nzima.

"Vilivyovunjika ni 2," akasema shoga yake. "Ukungu hakuna. Samli nzuri." Kisha akanyamaza tena. "Lakini, shoga yangu, hiliki imezidi."

Dada yetu atuambia kwamba alicheka mpaka akalia. Alisema lile ndilo neno la kwanza la ukweli juu ya vileja alilolipata katika miaka minne, na kwamba lilimfurahisha kuliko ahsante zote tatu. Tuliionja hiliki hiyo kutoka mkebe wa shahidi. Ni kweli, ilikuwa imezidi. Kipimo tulichoandika hapo juu ni kile kilichorekebishwa.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini samli ni bora kuliko siagi katika vileja vya safari?
2. Moto wa kwanza ni wa nini, na wa pili ni wa nini?
3. Eleza namna mbili za kujua kwamba kileja kimekauka, na useme ni ipi inayofanana na ya karafuu.
4. Mkebe wa shahidi ufunguliwe lini, na kwa nini usifunguliwe mapema?
5. Ni nani aliyekutumia chakula kwa wema, kikafika kibaya, nawe ukamjibu ahsante tu? Fikiri namna ya kumwambia kwa adabu.

Swali la tano halina jibu la kuandika. Lakini twaliona ndilo kubwa.